Goli la Ijumaa

Watu hupenda kusema refa ni kipofu. Nimeitwa kipofu Kosele, nimeitwa kipofu Migori, na Homa Bay niliwahi kuletewa fimbo katikati ya uwanja, na aliyeileta akajitolea kunishika mkono hadi nyumbani. Nilicheka pamoja na wengine, maana refa asiyejua kucheka hamalizi mwaka. Lakini macho yangu yalikuwa mazima, na hata leo, uzee huu nilio nao, nasoma Biblia bila miwani. Ningekuwa kipofu kweli ningelala vizuri zaidi.

Urefa haukunijia kwa sababu ya sifa zangu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Homa Bay, na mkaguzi alitaka mwalimu mmoja aende Kisumu kwa mafunzo ya siku tatu. Wenzangu wote ghafla walikuwa na shamba la kupalilia au mgonjwa wa kutazama. Mimi sikuwa na mke wala shamba, nikaenda. Nilirudi na kijitabu cha sheria, filimbi ya chuma, na kiburi cha mtu aliyesoma jambo ambalo hakuna mwingine kijijini aliyelisoma.

Kijitabu kile kiliandikwa na watu wasiowahi kufika kwetu. Kilisema juu ya lango kuwe na mwamba. Sisi tulikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mlingoti hadi mlingoti, na mpira ukipita kamba ikatikisika, nusu ya watu wanaapa umepita chini na nusu wanaapa umepita juu. Kilisema mistari ipigwe chokaa; sisi tulimwaga majivu, na mvua ikinyesha wakati wa mapumziko, kipindi cha pili kinachezwa kwa kumbukumbu. Mshika kibendera alikuwa karani au mwenye duka aliyeombwa dakika ile ile, na mpwa wake yumo uwanjani. Katikati ya hayo yote anasimama mtu mmoja mwenye kaptura nyeusi, na anatakiwa kujua. Kosele nilitoa penalti dhidi ya wenyeji, nikajificha siku mbili kwa mwalimu mwenzangu nikingoja hasira zipoe. Nimetukanwa kwa Dholuo, kwa Kiswahili na kwa Kikuria, na kwa Kikuria palikuwa na mtu mwema wa kunitafsiria, tusi lisinipite.

Jambo moja nilijifunza mapema. Uwanjani sharti niseme Kiswahili. Dholuo kwetu ni lugha ya nyumbani, na ukimwambia mchezaji neno kwa Dholuo, hata kama unamwambia afunge kamba za viatu, Mkuria wa upande wa pili anaamini mnapanga. Kiswahili kilikuwa lugha ya karani, ya askari na ya sokoni. Hakikuwa na shangazi wala mjomba ndani yake. Nikitia filimbi shingoni nilikitia na hicho, na nilijivunia sana jinsi nilivyoweza kukaa ndani yake dakika tisini bila kuteleza.

Nilipooa, nilioa Migori, na nusura nisioe. Baba mkwe alikuwa Mkatoliki wa kufa na kupona, nami ni Msabato tangu kuzaliwa. Mzee alisema hampi binti yake mtu anayepumzika Jumamosi kama mvivu na kulima Jumapili kama mpagani. Aliyeniokoa ni ndugu wa mke wangu, mdogo kwake kwa miaka miwili, kijana mrefu mwenye mikono iliyoning'inia hadi karibu na magoti. Alimwambia baba yake mbele ya wageni, "Baba, anakula ugali na samaki kama sisi. Tofauti ni kwamba dini yake inamkataza kambare, kwa hiyo tutabaki nao wote." Watu wakacheka, mzee akacheka kwa shingo upande, na ng'ombe wangu wakapokewa. Tangu siku hiyo kijana yule aliniita ora, nami nikamwita ora. Ndilo neno letu la shemeji, na halisemwi hivi hivi tu. Lina heshima ndani yake, na mtu na shemeji yake hawagombani hadharani hata nyumba ikiungua.

Alikuwa kipa wa Migori. Sijaona kipa mwingine kama yeye katika wilaya nzima, nami niliwaona wote kutoka karibu kuliko mtu yeyote. Alikuwa amemaliza darasa la nane, karo ya kuendelea ikakosekana, akawa anabeba magunia katika duka moja la Migori kwa ujira wa siku. Siku hizo makampuni ya majani chai ya Kericho yalikuwa na timu zao, na mchezaji mzuri alipewa kazi kwanza, mpira baadaye: mshahara wa mwezi, nyumba ya matofali, sare. Kampuni moja ilimwandikia barua. Mtu wao angekuja kumtazama katika fainali ya kombe la wilaya, na akiridhika angeondoka naye. Ile barua aliisoma mpaka mikunjo ikatoboka. Alituletea na sisi tuisome. Mke wangu aliisoma amesimama, akairudisha, akaenda nje kulia kwa furaha peke yake.

Fainali ilikuwa Homa Bay dhidi ya Migori, katika uwanja wa Homa Bay, siku ya Ijumaa. Ijumaa, kwa sababu Bwana DC, mkuu wa wilaya, ndiye angetoa kombe, na Jumamosi alikuwa na safari ya Nairobi. Mimi sikuhusika. Refa alikuwa anatoka Kisii. Nilipanga kuwa mtazamaji, nimshangilie shemeji yangu kama mtu yeyote, nirudi nyumbani kabla ya jua kuzama na kuipokea Sabato miguu ikiwa imeoshwa.

Saa saba mchana katibu wa kamati ya mpira alinikuta darasani, jasho likimtoka. Refa wa Kisii alikuwa ameanguka kwa pikipiki.

Nikamwambia, "Kipa wa Migori ni shemeji yangu. Tena leo ni Ijumaa."

"Mwalimu," akasema, "katika wilaya hii nani si shemeji wa mtu? Ama unataka tuitishe refa kutoka Mombasa? Tutaanza saa kumi kamili. Saa kumi na mbili uko nyumbani na chai."

Nilipaswa kukataa, na ningekataa kama ningekuwa mtu mnyenyekevu. Lakini nilikuwa nimejijengea jina. Watu walisema yule mwalimu Msabato hana rafiki uwanjani, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyopenda kazi yangu. Nilitaka waone kwamba hata shemeji yangu akiwa langoni, mimi ni mimi. Nikapita kwa mzee wa kanisa kumwarifu. Alinitazama kwa huruma, akatoa kile kikaratasi cha saa za jua kuzama ambacho kanisa letu hupokea kila robo mwaka. Jua siku hiyo lilikuwa linazama saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano. "Kesho unaongoza somo," akanikumbusha. "Ukipuliza filimbi jua likiwa limezama, usije mbele."

Nikaenda uwanjani kukagua. Kwa heshima ya Bwana DC malango yalikuwa yamewekewa miamba ya mbao, na kwa mara ya kwanza yakawa na nyavu. Mvuvi mmoja wa Rusinga, aliyeleta samaki wake kwa mashua Homa Bay kila wiki, alikuwa ametoa nyavu zake mbili zilizochakaa za kuvulia ngege, samaki wetu wa ziwani. Nilizitikisa, nikazivuta. Wavu wa lango la mashariki ulikuwa umeoza kwa upande, karibu na mlingoti wa kulia, usawa wa goti, na pale palikuwa na tundu ambalo kichwa cha ndama kingepita. Mvuvi akasema alikusudia kulishona asubuhi ila sindano yake ya kushonea nyavu imebaki Rusinga. Nikachukua kipande cha kamba ya katani kilichobaki kwenye vibendera, nikapitisha huku na huku, nikafunga fundo kwa mikono yangu. Mvuvi akalitazama fundo langu. "Mwalimu," akasema, "hilo ni fundo la mbuzi." Nikamwambia leo hatuvui. Tukacheka.

Saa kumi Migori hawakuwepo. Lori lao lilikuwa limekwama kwenye matope upande wa Rongo, na wachezaji walilisukuma wenyewe. Walifika wakiwa wekundu wa udongo hadi mapajani. Shemeji yangu akanipita akielekea kisimani kuosha uso, akaniona nimevaa nyeusi, akasimama kidogo. Kisha akatabasamu, akasema kwa Dholuo, taratibu, "Ora, usinionee aibu leo." Nikageuza uso kama niliyeitwa na mtu. Hiyo ndiyo salamu niliyomjibu.

Tulianza saa kumi na moja kasoro dakika tano. Fanya hesabu kama nilivyoifanya mimi: tisini za mchezo, tano za mapumziko, tunamaliza saa kumi na mbili na nusu kama hakuna atakayeumia, hakuna mpira utakaoingia kichakani, na hakuna atakayebishana nami. Saa yangu niliitazama mara nyingi kuliko nilivyoutazama mpira. Naandika hili bila kujivunia.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja. Homa Bay walishambulia tangu mwanzo, na shemeji yangu alizuia kila kitu. Alipangua mpira wa kichwa uliokuwa umeshaingia kwa macho ya watu wote, akadaka mwingine akiwa chini amelala. Mtu wa Kericho alikuwa ameketi mstari wa mbele karibu na Bwana DC, mnene, na kofia mapajani, na kila mara nilimwona akiinamia jirani yake kuuliza jina. Kipindi cha pili timu zikabadilishana, shemeji yangu akahamia lango la mashariki, jua la jioni likimpiga usoni kutoka ziwani. Aliishusha kofia yake ya kitambaa hadi kwenye nyusi, akaendelea kuzuia. Kivuli changu kilirefuka mbele yangu kila nilipokimbilia kwake, hadi kikawa kinaingia boksi kabla yangu. Hakuna goli. Dakika themanini, hakuna goli.

Zikibaki kama dakika nne, winga wa kulia wa Homa Bay alimpita beki, akapiga mkwaju mkali wa chini kutoka pembeni. Shemeji yangu alijirusha. Mpira ukampita nje ya kidole, na tulipotazama ulikuwa ndani ya wavu, umetulia nyuma ya mlingoti.

Uwanja ulilipuka. Watu waliingia ndani, kofia zikaruka. Mimi nilikuwa ukingoni mwa boksi, hatua kama ishirini kutoka langoni, nikapuliza filimbi na kuonyesha kati.

Shemeji yangu aliinuka na kuja kwangu mbio. Hakuwa na hasira. Hilo nalikumbuka kuliko yote, kwamba hakuwa na hasira bado. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kukuonyesha kitu ambacho ukikiona tu mambo yatakwisha. "Ora," akasema, "umepita nje! Umeingilia tunduni! Kamba imekatika. Bi ine, ora. Bi ine." Njoo uone.

Hatua ishirini tu. Kijitabu changu kilisema refa akiwa na shaka amwulize mshika kibendera. Nilimtazama mshika kibendera wa upande ule, karani wa mjini. Kibendera chake hakikuwa juu wala chini. Alikuwa akijikuna shingo nacho. Nyuma yangu watu wa Homa Bay walikuwa wameanza kupiga kelele: "Ni shemeji yake! Refa anaongea na shemeji yake!" Nikatazama saa. Kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Kwenda kuukagua wavu na umati ule ndani ya uwanja, kubishana, kufuta goli, kuwatoa watu: jua lingezama mara mbili.

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Wewe golikipa, rudi golini."

Alirudi nyuma hatua moja, kama hakusikia. "Ora?"

"Goli ni goli. Rudi golini, ama nitakuandika."

Wasiojua kwetu watasema ni maneno ya kawaida ya refa. Kumjibu shemeji yako aliyekuita ora, mbele ya watu elfu, kwa lugha ya karani wa kodi, ni kumwambia humjui. Uso wake ulibadilika. Akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili, ile mikono mirefu, nikaangukia matako kwenye majivu. Siku hizo hakukuwa na kadi. Niliinuka, nikatoa kijitabu, nikaandika jina ambalo mke wangu alizaliwa nalo, nikamwonyesha njia ya kutoka kwa mkono. Alivua kofia, akaitupa, akatoka. Mtu wa Kericho alivaa yake.

Nilimaliza mchezo jua likiwa bado na ukucha juu ya ziwa. Niliiwahi Sabato. Homa Bay walinibeba mabegani, na kama hujawahi kubebwa na walioshinda ukiwa refa, omba usibebwe. Afadhali mawe.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameandaa kila kitu tangu mchana, maana Sabato ikiingia hakuna kupika. Palikuwa na ngege wa kukaangwa, na ndugu yake alikuwa alale kwetu usiku ule kabla ya kwenda Kericho. Sahani yake ilikuwa mezani, imefunikwa na nyingine. Habari zilikuwa zimenitangulia kwa wanawake waliopita njiani. Alinimwagia maji ya miguu kama kawaida, kisha akauliza jambo moja tu.

"Ulienda kuangalia?"

"Jua lilikuwa linazama."

"Nimeuliza, ulienda kuangalia?"

"Sikuenda."

Sahani ile ililala pale imefunikwa, na Jumamosi yote hakuna aliyeigusa. Kanisani mzee alinishika mkono kwa nguvu. "Umemshinda Shetani kwa dakika tano," akasema, na washiriki wakasema amina. Niliongoza somo vizuri sana. Jumapili alfajiri mke wangu alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwao Migori, na akakaa huko wiki tatu.

Ningeweza kulirekebisha. Kamati ilinipa siku saba kuandika ripoti, nami nilikuwa na kalamu, karatasi, na nyumba tupu iliyonyamaza. Niliandika kwamba goli lilikuwa halali na kwamba kipa wa Migori alimpiga refa. Mshika kibendera alipoulizwa alisema refa hakumwuliza, kwa hiyo hakuwa na la kusema. Mtu mwenye akili yule. Shemeji yangu alifungiwa mwaka mzima. Kampuni haikutaka mtu wa fujo. Ilimchukua kipa wa Homa Bay, ambaye siku ile aliugusa mpira mara tatu, na mojawapo ilikuwa ni kuuokota kichakani.

Mvuvi wa Rusinga alikuja kuchukua nyavu zake. Alinikuta njiani akiwa amezibeba begani, akazishusha, akaufunua ule mmoja mbele yangu bila kuombwa. "Mwalimu," akasema, "mimi nimevua tangu sina meno ya ukubwa. Wavu wangu haujawahi kusifiwa kwa samaki aliyeingilia ubavuni." Nikamwambia nina haraka.

Wazee wa Migori nao walileta ujumbe. Kijana amemwekea mikono mume wa dada yake, na jambo kama hilo likiachwa huleta chira, ule ugonjwa wa kudhoofika ambao hauna dawa ya hospitali. Wakataka mbuzi achinjwe, mimi na yeye tule pamoja, kila mmoja aseme lililo moyoni, yaishe. Nilikataa. Nilisema mimi ni Mkristo, siamini chira. Ni kweli siamini. Lakini mbuzi ningemla, nimekula mbuzi wengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nililoogopa ni lile sharti la kila mmoja kusema lililo moyoni. Baba mkwe alifariki mwaka uliofuata, na kwenye mazishi yake mimi na shemeji yangu tulisalimiana kwa mkono kama watu wawili wanaosubiri mvua ipite kwenye kibaraza kimoja.

Nilirudisha filimbi kwa kamati. Walidhani ni kwa sababu ya kusukumwa, wakanipa pole.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini nilitumwa Migori kusimamia mitihani. Baiskeli yangu ilipata pancha karibu na soko, na fundi niliyeelekezwa kwake alikuwa ameenda mazishini. Wa pili alikuwa shemeji yangu. Nilijua kwamba alikuwa amefungua kibanda pale, na kila nilipofika Migori nilipita njia ya nyuma. Safari hii gurudumu halikunipa nafasi ya kuchagua.

Alinipokea vizuri. Alinipa sanduku niketi, akawaulizia watoto wangu mmoja mmoja, akauliza hali ya dada yake. Aligeuza baiskeli, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha katika karai la maji, akiipitisha pole pole katika ile mikono mirefu mpaka mapovu yakatoka. "Hapa," akasema kwa Dholuo. "Njoo uone." Niliinama nikaona. Akakausha, akakwaruza, akapaka gundi, na tukangoja ikauke.

"Ora," akasema bila kuniangalia. "Nyumbani huwa nawaambia hukuiona ile kamba. Baba nilimwambia hivyo kabla hajafa. Dada yangu pia nilimwambia, ndipo akakubali kurudi kwako. Nasema kwa mbali vile, na watu wale wote, mtu hawezi kuona kikamba." Akaigusa gundi kwa kidole kuona kama imekauka. "Hukuiona, si ndiyo?"

Niliiona. Nisemeje tena? Niliiona hata kabla mpira haujatulia. Ncha moja ilikuwa bado imeshikilia wavu na ile nyingine inaning'inia, inacheza cheza, na fundo langu limefunguka. Nilijua kabla hajafika kwangu, kabla hajaniita, kabla sijatazama saa. Jua na umati na kikaratasi cha kanisa vilikuja baadaye, nikavikusanya kama mtu anayetafuta kitu cha kufunikia. Nilikuwa na shemeji aliyenipa mke, na nilikuwa na jina langu la mtu asiye na rafiki, na katika muda wa pumzi moja nilichagua.

Neno lile la kwamba niliiona lilikuwa limekaa mdomoni mwangu miaka yote. Pale, juu ya sanduku, hapakuwa na umati wala saa. Nilifungua mdomo.

"Jua lilikuwa usoni mwangu," nikasema. "Lilinipofusha kabisa. Sikuona kitu."

Aliniangalia sasa, muda mrefu, kiraka kikiwa kati ya vidole vyake. Kisha akakibandika na kukikandamiza kwa dole gumba.

"Sawa, mwalimu," akasema, kwa Kiswahili.

Alirudisha gurudumu, akalizungusha kuona kama liko sawa, akanikabidhi baiskeli. Nilikuwa nimefika karibu na daraja la mto Migori nilipotambua nilichomwambia, nikashuka na kusimama kando ya njia. Lango lile lilikuwa la mashariki. Jua nililipa mgongo. Aliyekuwa nalo usoni kipindi kizima, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikuwa yeye.